Usimwite Garasa

Mjukuu wangu, sogea huku kivulini, na hiyo simu iweke chini kwanza. Tangu asubuhi unanionyesha kipande kile kile cha video: kijana anapokea pasi pembeni, anaruka, mpira unagonga mdomo wa ringi na kurudi. Anapokea tena, anaruka, unarudi. Katupa mipira 11, umeniambia, imeingia 2. Ni mechi yake ya tano tu katika ligi ya watu wazima, na wewe kabla hata hujanywa chai umeshamhukumu mbele yangu kwa neno moja: garasa.

Sijakukasirikia. Umri wa kukasirika umenipita. Siku hizi nikipandisha sauti, goti la kulia ndilo linalojibu. Nimechoka tu, na kilichonichosha ni kwamba neno hilo nalijua. Nimelitumia. Nitakueleza lini na kwa nani, ila si sasa hivi.

Kwanza nijibu jambo dogo. Karata umezicheza hapa kibarazani tangu vidole vyako havijatosha kuzishika zote. Garasa ni nini? Ni karata isiyo na hesabu. Haya. Na likiwa la turufu je? Garasa la turufu linakula rii. Umewahi kunila hivyo mimi mwenyewe, ukacheka mpaka bibi yako akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Kumbe hata huko kwenye karata ulikoliokota neno hilo, karata haijui thamani yake mpaka ijulikane mchezo unaokwenda ni wa nini.

Huyo kijana wako anacheza namba mbili. Namba mbili kazi yake ni kufunga, na mjukuu wangu, hakuna nafasi uwanjani isiyo na maficho kama hiyo. Mrefu wa chini ya ringi akikosa, ataruka auchukue mwenyewe, na watu watamsifu kwa juhudi. Mgawa mpira akipoteza, nusu ya watu hawakuona kama kosa ni la mpaji au la mpokeaji. Kosa la namba mbili linapanda juu hewani, na ukumbi mzima unalitazama likishuka. Siku mbaya ya mtu huyu haijifichi. Ndiyo maana ni rahisi kumcheka, na ndiyo maana wanaomcheka huwa hawajaona chochote zaidi ya mpira.

Nikwambie habari ya Kobe Bryant. Wewe unamjua kwa picha za kwenye bajaji, na jezi yake umeivaa mpaka imetoboka kwapani. Alipoingia NBA mwaka 1996 alikuwa na miaka 18, anatoka sekondari moja kwa moja, kachaguliwa wa 13 na Charlotte, nao wakampeleka Los Angeles Lakers kwa kubadilishana na Vlade Divac. Mechi yake ya kwanza ilikuwa Novemba 3 mwaka huo, dhidi ya Minnesota. Alicheza dakika 6. Pointi hakupata hata moja. Mechi ya pili, New York, akapata pointi 1, ya mtupo huru. Pointi moja kwa mechi mbili! Ungekuwa na hiyo simu yako mwaka ule, ungemfanyaje?

Msimu mzima aliingia katika mechi 71, akaanza 6 tu. Wastani wake ulikuwa pointi 7.6 kwa mechi. Katika kila mipira 100 aliyotupa mchezo ukiendelea, iliingia kama 42. Si namba mbaya kwa mtoto, wala si namba za kumfanya mtu asimame. Halafu ikaja Mei 12, 1997, mechi ya tano ya mtoano dhidi ya Utah, pale Salt Lake City.

Sikuiona siku yenyewe. Niliiona miezi baadaye kwenye kaseti iliyoletwa na baharia mmoja, tukaitazama kwenye banda la video mimi na vijana wa timu yangu, picha ikiruka kila mwenye banda alipogusa waya. Lakers walikuwa wameishiwa watu. Byron Scott nje kwa maumivu ya kifundo cha mkono. Robert Horry ametolewa kwa ugomvi. Shaquille O'Neal, mlima wenyewe, kajaza faulo sita na kakaa benchi. Namba zimefungana, sekunde zinakwisha, mpira anapewa huyu mtoto. Akatupa. Haukugusa ringi, haukugusa wavu, haukugusa ubao. Ukapita hewani kama kunguru aliyebadili mawazo. Wakaingia dakika tano za nyongeza. Akatupa mwingine, haukugusa kitu. Mwingine tena, na wa mwisho tena. Minne kwa jumla. Utah wakashinda 98 kwa 93, na Lakers wakatoka mashindanoni.

Banda lilivunjika kwa kicheko. Mimi, kocha mtu mzima mwenye filimbi shingoni, nilicheka kuliko wote.

Ni miaka mingi baadaye, baada ya kumsikia Kobe mwenyewe akiieleza, ndipo nilipoelewa nilichokiona. Alisema aliirudia ile mitupo kwa makini, akaona kwamba yote ilinyooka. Haikwenda kulia wala kushoto. Ilikuwa mifupi tu. Mpira uliopinda ni kosa la mkono, mjukuu wangu. Mpira ulionyooka ukafia njiani ni miguu. Sekondari alikuwa amezoea mechi kama 35 kwa mwaka, zenye nafasi ya kupumua katikati. Huku kakutana na 82, kisha mtoano juu yake. Mkono ulikuwa na akili yote inayotakiwa, miguu ikaishiwa mafuta mwezi Mei. Naye akatumia likizo ile kujenga miguu. Hakubadilisha mkono.

Sasa chukua simu yako. Ndiyo, nakuruhusu. Rudisha kile kipande, hesabu mipira 9 aliyokosa huyo wako. Mimi nimeshahesabu wakati wewe unacheka: 6 imegonga mdomo wa mbele wa ringi, katikati kabisa. Imenyooka. Umeona? Ulinionyesha mara saba na hukuona.

Watu wanadhani ligi kubwa ni ile ile ndogo, ila taa zimeongezwa. Pima. Mechi ya sekondari Marekani ni dakika 32. Ya chuo ni 40. Ya NBA ni 48. Mstari wa pointi tatu wa sekondari uko mita 6.02 kutoka kwenye ringi. Wa vyuo, kwa wanaume, tangu mwaka 2019 uko mita 6.75, sawa na huu wetu wa kimataifa. Wa NBA ukiwa mbele ya goli uko mita 7.24. Kati ya chuo na NBA hapo ni karibu nusu mita. Nusu mita ni nini? Ni dhiraa moja, kutoka kiwiko chako mpaka ncha ya kidole. Mtu amejifunza tangu utotoni, kwa maelfu na maelfu ya mitupo, nguvu fulani ya goti na kiganja. Halafu siku moja unamsogezea mstari nyuma kwa dhiraa, unamwekea mbele yake mwanaume wa miaka 29 mwenye mikono mirefu kama mlingoti, unampandisha ndege usiku acheze kesho yake mji mwingine, kisha unashangaa mpira unagonga mdomo wa mbele.

Sisi tulisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kule jembe anapewa mlangoni, begi likiwa bado begani, na jioni ile ile wanamuuliza mavuno yako wapi.

Najua unachotaka kunijibu, nakiona kinakutoka kwenye meno. Utaniambia Michael Jordan. Ni kweli, alifunga wastani wa pointi 28.2 msimu wake wa kwanza, 1984/85. Lakini Jordan hakuwa na miaka 18. Alikuwa na 21, kashakaa miaka mitatu chuo cha North Carolina, na ametoka kuchukua dhahabu ya Olimpiki kiangazi kile kile. Na alifikia wapi? Chicago walikuwa wameshinda mechi 27 tu kati ya 82 msimu uliotangulia. Nyumba ilikuwa tupu. Mgeni alikuta vyumba vyote viko wazi, akalala anapotaka. Kobe alifikia kwenye timu iliyoshinda mechi 53, na namba mbili wa pale, Eddie Jones, alichaguliwa kucheza mechi ya nyota msimu ule ule. Alikuta kitanda kina mwenyewe, tena mwenyewe anakoroma. Mpaka msimu wa 1998/99 ndipo alipoanza kila mechi, zote 50 za msimu ule uliofupishwa, akafunga karibu pointi 20 kwa mechi, na Jones akahamishiwa Charlotte Machi 1999 katikati ya msimu huo huo.

Kwa hiyo ukinipa wastani wa pointi wa mgeni, mimi nauliza kwanza kuhusu nyumba. Nani yuko mbele yake? Anaingia dakika ngapi, na anaingia na akina nani, wale wanaompa mpira au wale wa mwisho wa benchi ambao kila mmoja anatafuta mkataba wake? Kocha kamwambia afunge, au kamwambia amkabe yule hatari wa upande wa pili na asiguse mpira? Namba uliyonayo kwenye simu haikujibu hata swali moja kati ya haya. Inakuambia alichopewa nafasi ya kufanya, kisha wewe unaisoma kama cheti cha kuzaliwa.

Kuna mwaka mmoja ambao mimi huutumia kuwanyamazisha watu, nao una kidonda chetu ndani yake. Mwaka 2009. Wewe bado ulikuwa kwenye mawazo ya baba yako. Miaka ile kulikuwa na usiku mmoja kila mwaka ambapo timu za NBA zilipanga foleni na kuchagua chipukizi mmoja mmoja. Wenyewe wanauita drafti, si ile yetu ya vizibo vya soda, ingawa nayo ina kulana kwake. Juni ile, hapa Dar es Salaam ilishapita saa nane usiku, likatajwa jina la pili: Hasheem Thabeet. Mtoto wa hapa hapa mjini, futi saba na inchi tatu, Mtanzania wa kwanza kufika huko. Memphis wamemchukua. Nililia, mjukuu wangu, sioni haya. Nilikuwa nimefundisha kikapu miaka yote ile kwenye viwanja vya saruji vilivyopasuka, ringi hazina nyavu, na watu wakiniuliza mchezo huu una faida gani.

Thabeet alikuwa mrefu wa kulinda goli, namba tano, si namba mbili. Lakini tazama waliotajwa nyuma yake. Wa tatu James Harden. Wa nne Tyreke Evans. Wa tisa DeMar DeRozan. Watatu hao ni wa jamii ya huyu kijana wako, walinzi wa kufunga. Sasa simama Aprili 2010, msimu wa kwanza umekwisha, uwahukumu kama ulivyomhukumu huyu asubuhi hii.

Evans, pale Sacramento: pointi 20.1, ribaundi 5.3, pasi za mabao 5.8 kwa mechi. Kabla yake, waliofikisha 20, 5 na 5 msimu wa kwanza walikuwa Oscar Robertson, Jordan na LeBron James, basi. Akapewa tuzo ya chipukizi bora. Harden, pale Oklahoma City: mechi 76, hakuanza hata moja, pointi 9.9. DeRozan, pale Toronto: 8.6. Ungesema nini? Ungesema kile ambacho wote walisema, kwamba Evans ndiye, na hawa wengine ni wa kujazia benchi.

Evans hakuwahi kucheza mechi ya nyota hata moja. Magoti yalimsumbua, majukumu yakabadilika, na zile namba za mwaka wa kwanza hakuzifikia tena zote kwa pamoja. Sisemi alikuwa garasa. Alikuwa mchezaji mzuri aliyebebeshwa taji kabla kichwa hakijapimwa, na hilo nalo ni dhuluma, ingawa lina sura ya sifa. Harden akawa mchezaji bora wa ligi nzima mwaka 2018 na akaongoza kwa ufungaji misimu mitatu mfululizo. DeRozan ameitwa mechi ya nyota mara kadhaa na amepita pointi 20,000.

Na mtoto wetu? Februari 2010 Memphis walimpeleka Dakota Wizards, ligi ya chini, akatafute dakika za kucheza. Hakuna aliyekuwa amechaguliwa juu kiasi kile akapelekwa huko kabla yake. Msimu ule alimaliza na pointi 3.1 na ribaundi 3.6 kwa mechi, akichezeshwa dakika kama 13. Sisi tuliolia Juni ndio tuliocheka Februari. Vijiweni, kwenye daladala, kila mtu alikuwa mtaalamu wa namba tano. Kijana aliyeanza kushika mpira wa kikapu akiwa na miaka kama 15, wakati wenzake wa kule walitambaa nao sebuleni, tukamtaka awe gwiji wa namba tano kama Olajuwon kabla ya Pasaka. Sitakudanganya kwamba angekuwa. Alikaa NBA mpaka 2014 na hakuwa nyota, na kungoja si ahadi kwamba kila kinachongojwa kitakuja. Ninachosema ni kwamba hatukungoja. Hukumu yetu ilitoka mapema kuliko ya Wamarekani waliomlipa mshahara.

Leta hicho kikombe, chai inapoa.

Basi unataka kujua mgeni anatazamwa nini, kama pointi hazisemi. Mimi naanza na miguu kabla mpira haujamfikia. Namba mbili anayejua kazi, pasi ikiwa bado hewani, miguu imeshakaa, kidole gumba cha mguu kimeshaelekea goli. Anayehangaika hupokea kwanza halafu ndipo atafute pa kukanyaga, na hapo mkabaji ameshafika. Wako miguu yake inakaa. Mara moja tu, ile ya kona ya kushoto, alikanyaga vibaya.

Kisha natazama mtupo huru. Pale hakuna wa kumkaba, hakuna haraka, umbali ule ule maisha yote. Kobe mwaka ule wa kwanza aliingiza 82 katika kila 100, na mtu mwenye kiganja hicho, hata akirusha mpira nje ya jengo mara nne, kiganja hakijampotea. Mitupo mirefu ya mechi tano wala usinihesabie. Mtu wa kuingiza 35 katika 100, mpe mipira 20: leo ataingiza 4, Jumapili 10, na hakuna kilichobadilika mkononi mwake. Kaa hapa na vizibo, uvirushe kwenye ndoo usiku kucha, utaona mwenyewe.

Ila kitu ninachokitazama kuliko vyote ni macho yake mara tu mpira unapokosa. Wengine hugeukia benchi, kumtazama kocha kama mtoto aliyevunja glasi. Hapo mimi huingiwa na huruma, kwa sababu najua usiku huo hatatupa tena hata akiwa peke yake. Atapokea, atasita, atampa mwenzake, na watu watasema ana roho nzuri ya kugawa mpira. Wengine hugeuka wakakimbia kukaba. Kobe siku ile kule Utah, baada ya ule wa kwanza usiogusa kitu, alitupa wa pili. Baada ya wa pili akatupa wa tatu. Nilicheka wakati ule nikidhani ni ujinga. Kulikuwa na watu wazima uwanjani siku ile, wenye watoto nyumbani na mikataba minono, ambao mpira ulipokuwa wa moto waliutafutia mwenyewe. Na O'Neal alikuja kusema waziwazi kwamba huyo mtoto ndiye aliyekuwa na ujasiri wa kutupa.

Haya. Nilisema nitakueleza lini nililitumia neno lile.

Ni mwaka 1991, kama si 1992. Nilikuwa na timu ya vijana, hapa upande wa mjini. Alikuja mvulana kutoka ng'ambo, akivuka na pantoni kila jioni, mkimya, mwembamba, mkono mzuri sana wa kutupa. Mazoezini sikumwona vizuri kwa sababu tulikuwa wengi na mipira miwili. Nikamweka namba mbili kwenye mechi tatu za mwanzo wa ligi yetu. Mechi ya kwanza alikosa, ya pili alikosa, ya tatu nikamtoa kabla ya mapumziko. Alipokuwa anatembea kuja benchi nikasema, kwa sauti, mbele ya wenzake na mbele ya dada yake aliyekuja kumtazama: wewe ni garasa, umenipotezea nafasi. Watu wakacheka. Alichukua shati lake, akalivaa kinyume bila kujua, lebo ikiwa mbele shingoni, akakaa mpaka mechi ikaisha. Kesho yake hakuja.

Mwaka mmoja hivi baadaye nilipelekwa ng'ambo kuchezesha bonanza la shule, kumbe uwanja wenyewe ndio wa shule aliyosoma. Nikafika mapema. Nikasimama chini ya goli, nikainua mkono kama ninavyofanya kila uwanja, tabia tu. Kidole changu kikaja karibu mno na ringi. Nikaomba kamba kwa mlinzi, nikafunga jiwe, nikapima. Ringi ya kikapu, ulimwengu mzima, iko mita 3.05 kutoka chini. Ile ilikuwa imekosa sentimita zaidi ya ishirini. Labda nguzo zilizama, labda fundi alipima kwa macho, sikuuliza. Nilichofanya ni kukaa chini kwenye saruji na kuanza kukumbuka mitupo ya yule mvulana mmoja mmoja. Yote ilikuwa imenyooka. Yote iligonga mdomo wa mbele.

Mtoto yule alijifunza mchezo wote maishani mwake kwenye ringi iliyo chini. Alihitaji mwezi. Pengine wiki tatu, mtu mmoja wa kusimama naye na kumwambia, inua kiwiko, kunja goti zaidi. Mtu huyo nilikuwa mimi, na nilikuwa na filimbi, na niliitumia kumfukuza.

Mwaka jana nilipokwenda kuzika ng'ambo, nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya pantoni, jua kali, mtu mmoja mnene mwenye ndevu za mvi akanishika kiwiko. "Shikamoo kocha." Nikaitika marahaba, nikawa natafuta jina, naye akanisaidia hata kabla sijaona aibu. Alikuwa na binti yake, mrefu, kabeba mpira wa kikapu ndani ya mfuko. Akamwambia binti, msalimie babu, huyu ndiye aliyenifundisha kikapu. Yule binti akaniamkia kwa heshima, akaniuliza kama bado nafundisha. Nikasema magoti hayataki. Baba yake hakusema neno lingine juu ya siku zile. Pantoni ikaja, umati ukatusukuma, nikawaona wakipanda ngazi za juu wakatafute upepo, mimi nikabaki chini na wazee wenzangu na baiskeli.

Nimelala na salamu ile mwaka mzima.

Umesema huyo kijana wako anacheza tena lini? Kesho usiku? Saa tisa na nusu. Sawa. Niamshe. Njoo taratibu, usiwashe taa, maana mkeo bibi yako ana usingizi mwepesi na akiamka atataka tumweleze mchezo wote tangu mwanzo. Tutatazama sebuleni, sauti chini. Na uje na karatasi na kalamu. Nataka unihesabie inayogonga mbele na inayogonga nyuma.